Waya mwekundu ulibaki kwenye tundu la 10A: tuongee kuhusu multimita kabla haijaunguza mwingine

#1 Mleta uzi (Mwanga, Kigoma)

Habari zenu wakuu. Huu uzi nimeuahirisha wiki mbili, kila nikianza kuandika mkono unakuwa mzito, ila kijana mwenyewe saivi anaendelea vizuri na kaniambia we andika tu fundi, mwingine asije akapata kama mimi.

Mimi ni fundi umeme na sola hapa Mwanga na kazi yangu kubwa inatoka kwa wavuvi wa Kibirizi na Katonga. Wanaolijua ziwa wanajua mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, mitumbwi inakaa nchi kavu, basi siku hizo ndo betri na taa zote zinaletwa kwa mafundi kwa pamoja. Asubuhi moja ya namna hiyo meza imejaa betri, nje nina paneli mbili za mteja anadai hazichaji, nikamwambia kijana wangu zipime ampea. Kapima vizuri kabisa, kautoa waya mwekundu wa mita kwenye tundu la V (la kupimia volti) akauchomeka tundu la 10A (la kupimia ampea), kasoma, kaandika kwenye daftari. Kabla hajaurudisha akaja mama jirani, friji imegoma, mwanangu hebu njoo uangalie mara moja soketi kama ina umeme. Kijana kabeba mita na bisibisi kaenda. Kufika pale swichi ya mita kaizungusha kwenye 750 ya AC, sahihi kabisa, hajakosea hapo. Waya mwekundu ukabaki kwenye 10A.

Mimi nilisikia mlio nikiwa barabarani, nikadhani tairi la bodaboda. Ncha za mita ziliyeyuka, breka ikaanguka, vidole vitatu vya mkono wa kulia na kiganja vikaungua, macho yakawa yanatoa machozi siku mbili kwa ule mwanga. Soketi ilikuwa nzima, tatizo lilikuwa plagi ya friji.

Sasa elewa kilichotokea maana wengi wanadhani swichi ya kuzungusha ndo inaamua kila kitu. Kwenye zile mita za njano za DT830 ambazo karibu kila fundi anazo, tundu la 10A limeunganishwa na tundu la COM, lile la waya mweusi, kwa kipande kifupi cha waya mnene ndani, upinzani wake karibu na sifuri, na haijalishi swichi umeielekeza wapi, kile kipande kipo palepale. Kwa hiyo ukichomeka ncha mbili kwenye soketi ni sawasawa na umechukua kipande cha waya ukaunganisha laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) kwa mikono yako. Na soma maandishi madogo pembeni ya lile tundu, mengi wameandika wenyewe kabisa kwamba halina fyuzi. Hakuna kitu cha kukuokoa mle ndani zaidi ya breka ya nyumba, kama hiyo breka ni nzima.

Sisi huku Kigoma hatari hii kwetu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, na nina sababu. Tumeishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi sana kabla gridi ya taifa haijatufikia, kila nyumba ikajifunza sola na betri, kwa hiyo fundi wa huku mita moja hiyohiyo saa nne inapima paneli ya volti 20 na saa tano inapima soketi ya volti 230. Kwenye betri ndogo ukikosea unapata cheche unashtuka unarudia. Kwenye soketi haurudii.

Kwahiyo kijiweni kwangu saivi kuna amri moja. Ukimaliza kupima ampea, kabla hujaandika namba, kabla hujajibu simu, kabla hujamjibu mteja, waya mwekundu unarudi tundu la V. Mita isilale mezani ikiwa kwenye 10A hata dakika moja. Na kabla ncha hazijagusa umeme unasoma mita kwa kidole: tundu, swichi, waya. Gusa tundu kwa kidole useme hili ni V, gusa swichi useme hii ni AC 750, pitisha mkono kwenye nyaya uone kama kuna sehemu imechunika. Sekunde tano hazifiki.

Karibuni tuulizane, nitajibu nikitoka kazini.

#2 Mchangiaji (Ujiji)

Mwakeye fundi, pole sana na mpe pole kijana. Mimi sio fundi wa kusomea ila nafanya fanya, natumia testa ya bisibisi mwaka wa tisa huu haijawahi kuniangusha, nikiona kitaa hakiwaki nashika waya naendelea. Kuna haja gani ya kuhangaika na mita yenye matundu matatu?

#3 Mleta uzi

Asante kaka, salamu zako nimemfikishia.

Kuhusu testa, naomba unisikilize kwa makini maana hapo kwenye "kitaa hakiwaki nashika" ndo roho yangu imeruka. Kile kitaa kinawaka kwa sababu umeme kidogo sana unapita kwenye testa unapita mwilini mwako unaenda ardhini. Sasa ukiwa umesimama juu ya kiti cha mbao au ngazi kavu au una viatu vya mpira mzito, njia ya kwenda ardhini imekuwa mbaya, kitaa kinaweza kufifia usikione hasa ukiwa nje juani, na waya una umeme wake kamili 230. Alafu ukinyoosha mkono ukashika bomba au ukuta wenye unyevu, ile njia iliyokosekana umeileta wewe mwenyewe.

Na kinyume chake pia kipo, nyutro ikikatika huko nyuma kitaa kitawaka kwenye waya ambao unaujua ni nyutro, kinakuchanganya. Testa inakupa fununu tu, kukuambia salama shika haiwezi.

Mita inatumika hivi ukitaka kujua waya umekufa kweli. Kwanza pima mahali unapojua kuna umeme, soketi ya jirani labda, uone 230 au karibu na hapo. Pili pima pale unapotaka kushika: laivu kwa nyutro, laivu kwa ethi (waya wa kwenda ardhini), nyutro kwa ethi, zote tatu. Tatu rudi pale pa kwanza upime tena. Ile ya tatu watu wanaiona kupoteza muda na mimi ndo naipenda kuliko zote, kwa sababu waya wa mita unaweza kukatikia ndani ya plastiki katikati ya kazi, mita ikasoma sifuri kila mahali ukadhani umeme umezimwa. Sifuri ya mita mbovu na sifuri ya umeme uliozimwa zinafanana kabisa kwenye kioo.

#4 Mchangiaji (Tabora mjini)

Mwangaluka wakuu. Nimesoma nikamkumbuka marehemu baba, alikuwa fundi wa reli hapa Tabora enzi hizo na mita yake alikuwa anaiita avomita, ile ya mshale, nzito kama tofali. Baadae nikaja kujua AVO ni ampea, volti na omu (kipimo cha upinzani), kifaa cha Waingereza, aliyebuni ni Donald Macadie aliyekuwa mhandisi wa posta kwao, ya kwanza ikatoka mwaka 1923. Mzee alikuwa anatufundisha mkono mmoja mfukoni. Ncha nyeusi unaibana na klipu kwanza, alafu mkono wa kushoto unaweka mfukoni au nyuma ya mgongo, ncha nyekundu unashika kwa mkono wa kulia peke yake. Ukirushwa, umeme usipate njia ya kutoka mkono huu kwenda mkono ule kupitia kifua. Na ukitoa unaanza na nyekundu.

Nyongeza yangu kwa walio kwenye nyumba za zamani, huku Tabora zipo nyingi: msiamini rangi. Mfumo wa zamani laivu ni nyekundu na nyutro ni nyeusi. Mfumo mpya laivu ni kahawia na nyutro ni bluu. Sasa kwenye fezi tatu mpya (umeme unaoletwa na nyaya tatu za laivu) nyeusi ni fezi, na kwenye fezi tatu za zamani bluu ni fezi. Yaani bluu na nyeusi zimebadilishana kazi kabisa. Nyumba ikiongezwa vyumba na mafundi wawili wa miaka tofauti unakuta boksi moja lina lugha mbili. Kwa mita fezi kwa fezi utasoma kama 400, na hiyo 400 nilishaikuta mahali ambapo kila mtu aliniambia ni nyutro tu hiyo shika.

#5 Mleta uzi

Mzee wangu shikamoo, hii ya rangi ingepaswa iwe uzi wake. Hiyo ya mkono mfukoni naichukua kama ilivyo naenda kumfundisha kijana.

#6 Mchangiaji (Kasulu)

Habari zenu, mimi nina saluni hapa Kasulu, sio fundi. Draya zangu mbili ukishika sehemu ya chuma unahisi kama vijisindano, wateja wanalalamika. Kuna kijana kaja na mita kapima soketi kasema laivu na nyutro 228, alafu laivu na ethi mara 87 mara 110 mara 95, haitulii. Akasema umeme ni mdogo ninunue stabilaiza. Ni kweli?

#7 Mleta uzi

Dada usinunue stabilaiza. Umeme wako ni mzima, 228 kati ya laivu na nyutro ni vizuri kabisa. Kilichokufa ni ethi.

Laivu kwa ethi inatakiwa isome karibu sawa na laivu kwa nyutro, yaani na yenyewe 227, 228. Nyutro kwa ethi inatakiwa iwe ndogo, volti moja mbili hivi. Namba inayocheza 87, 110, 95 maana yake huo waya wa ethi haujafika ardhini popote, unaelea. Mita ya dijitali upinzani wake wa ndani ni mkubwa sana kwa hiyo hata umeme kidogo unaoruka kutoka waya wa laivu uliolala pembeni unatosha kuionyesha namba, mimi nauita umeme wa kivuli. Na vile vijisindano ni ndugu yake, chuma cha draya hakina pa kupeleka kile kinachovuja. Leo ni sindano, siku waya wa ndani ya draya ukigusa chuma itakuwa 230 nzima na mteja kichwa chake kina maji.

Naomba uzitoe hizo draya kwenye umeme leo hii. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka inayosimamia nishati na maji), afuate waya wa ethi kutoka soketi mpaka bodi ya breka mpaka kwenye nondo iliyochimbiwa nje. Mara nyingi sana kiungo cha pale kwenye nondo kimeliwa na kutu au waya ulikatwa watu wakipiga plasta. Ukipata jibu rudi hapa utuambie.

#8 Mchangiaji (Kigoma, VETA)

fundi mimi niko mwaka wa kwanza, nataka kujua soketi ya gheto inatoa ampea ngapi, nimeweka 10A kama tulivyofanya darasani kwenye betri nikataka kuchomeka ndo nikauona huu uzi. breka imeandikwa 32 kwahiyo nilikuwa nategemea nisome 32

#9 Mleta uzi

Mdogo wangu ITOE MITA SASA HIVI rudisha waya kwenye V alafu ndo uendelee kusoma. Nashukuru Mungu umesoma kabla.

Soketi haina ampea zake inazozitoa ikiwa peke yake. Ina volti zinasubiri, ampea zinatokea pale kifaa kinapovuta. Pasi ya wati 1000 kwenye 230 inavuta kama ampea 4.3, jiko la wati 2000 kama 8.7, taa ya wati 9 haifiki hata sehemu ya kumi ya ampea moja. Ile 32 kwenye breka ni mpaka, ni kama ubao wa "tani 10 mwisho" kwenye daraja, haimaanishi kuna tani 10 zimepaki hapo.

Volti unapima kwa kugusa sehemu mbili, mita inakaa pembeni inachungulia. Ampea lazima ukate njia na umeme wote upite tumboni mwa mita, kwenda kwenye mzigo. Sasa wewe ulikuwa unataka umeme upite tumboni mwa mita bila mzigo wowote mbele, yaani kama kijana wangu.

Na hata ukiwa na mzigo, kwenye umeme wa nyumbani usikate waya upitishe kwenye mita ya njano. Kuna klampu mita, ile yenye taya kama koleo, inakumbatia waya kwa nje bila kuchuna kitu. Kumbatia waya mmoja tu, laivu peke yake, ukikumbatia laivu na nyutro pamoja zinafutana utasoma sifuri na jiko linawaka.

Mwalimu wako muulize akuonyeshe kwa vitendo, usione aibu.

#10 Mchangiaji (Kibondo)

Wakuu naona mnatisha watu sana. DT830 naitumia miaka sita, napima mpaka kwenye meni swichi na fezi tatu na sijawahi kuungua, mita ni mita, muhimu uzoefu. Hiyo klampu ya bei mbaya wengine hatuna uwezo.

#11 Mleta uzi

Kaka sikupingi uzoefu wako na suala la hela nalielewa, mimi mwenyewe nimeanza na hiyohiyo ya njano na bado ninayo, kwenye betri na paneli ndogo na kuangalia nyaya zisizo na umeme inafaa. Ila "mita ni mita" hapana.

Angalia karibu na matundu ya mita kuna maandishi CAT na namba ya Kirumi. CAT II ni kwa vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III ni bodi za breka na nyaya za kudumu za jengo. CAT IV ni pale umeme unapoingia, kwenye mita ya LUKU na waya unaotoka nguzoni. Tofauti yake sio volti peke yake, 230 ya soketi na 230 ya meni swichi kioo kinaonyesha namba moja. Tofauti ni kwamba ukikaribia nguzo umeme una nguvu kubwa nyuma yake, na radi ikipiga laini mbali huko, mshtuko wa maelfu ya volti unakuja kupitia waya kwa kitambo kidogo sana, kwenye bodi unafika mkali kuliko kwenye soketi ya chumbani. Mita ya CAT III imepewa nafasi kubwa kati ya vyuma vyake vya ndani na fyuzi nene yenye mchanga ili mshtuko ukija isipasuke mkononi. Na mita ya bei rahisi sana inaweza kuandikwa CAT III kwa nje, fungua uone, ukikuta kifyuzi cha kioo chembamba na 10A haina fyuzi kabisa basi yale ni maandishi tu.

Wewe na mimi tunakaa mkoa ambao msimu wa mvua radi za ziwani tunazihesabu usiku kucha. Mawingu yakishakusanyika upande wa Kongo mimi bodi nafunga naondoka, mteja akinuna anune.

Na upande wa juu wa LUKU, kwenye lakiri, hapo hata uwe na mita ya CAT IV sio pako, ni pa TANESCO.

Kuhusu miaka sita bila kuungua, kijana wangu alikuwa na miaka mitatu bila kuungua mpaka ile asubuhi.

#12 Mchangiaji (Kibondo)

Nimefungua ya kwangu. Kifyuzi cha kioo kimoja na kimeshazungushiwa kijiwaya cha shaba, sikumbuki lini nilifanya hivyo. Nashukuru mkuu, nimeelewa.

#13 Mchangiaji (Katonga)

Fundi sisi watu wa ziwani tusaidie. Betri yangu inasoma 12.7 asubuhi, nikiingia ziwani taa zinafifia kabla ya saa sita usiku. Muuzaji anasema betri nzima maana mita inasema 12.7.

#14 Mleta uzi

Hapa nitaandika kwa urefu maana hii ndo kazi yangu ya kila mwezi.

Swichi weka DC 20, sio AC, ukiweka AC kwenye betri utasoma vitu havieleweki. Nyekundu kwenye chanya, nyeusi hasi, ukigeuza utaona alama ya kutoa mbele ya namba, hamna kilichoharibika, umejua tu ipi ni ipi. Betri ya asidi ya volti 12 ikiwa imejaa na imepumzika inasoma kama 12.6 mpaka 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Ikifika 12.0 imebaki robo hivi, usiendelee kuivuta maana kila ukiishusha huko unakula maisha yake. Ikiwa kwenye chaja inasoma 13.8 mpaka 14.4, hiyo ni ya chaja, sio ya betri.

Sasa neno "imepumzika" ndo muuzaji kaliruka. Betri ikitoka tu kwenye chaja inakuwa na volti za juujuu, hata iliyochoka itasoma 12.7 au zaidi. Iache masaa kadhaa bila kuunganishwa na kitu. Alafu ipime ikiwa imebeba mzigo: unganisha taa zako zote kama unavyowasha ziwani, weka mita juu ya vichwa vya betri, angalia. Betri nzima itashuka kidogo na kutulia, 12.3 au 12.4 na inakaa hapo. Betri iliyokufa selo moja utaiona inateremka mbele ya macho yako, 11.8, 11.2, 10.6 ndani ya dakika chache, zima taa inarudi 12.5 kama vile hamna kilichotokea. Nenda na taa zako kwa muuzaji, mfanyie hilo jaribio mezani kwake.

Alafu tatu za usalama kwa ajili ya ziwani. Usiweke ampea za mita moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, betri ya gari ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampea kwa mara moja. Vua pete na saa ya chuma, nimeona pete ikiwa nyekundu kidoleni. Na betri ikiwa inachaji inatoa gesi ya haidrojeni inayolipuka kwa cheche, kwa hiyo usikae na karabai wala sigara pale, na usiunganishe klipu za mita wakati inatokota kwenye chumba kisicho na hewa.

Paneli nazo, ile inayoitwa ya volti 12 yenye seli 36 ikiwa juani bila mzigo itasoma kama 21 au 22, msishtuke, ndivyo ilivyo. Ukitaka kuunganisha au kukata nyaya ifunike na turubai kwanza. Umeme wa DC ukianza kuruka cheche hauzimiki kirahisi kama AC, maana AC inapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde na DC haipiti kabisa.

#15 Mchangiaji (Ujiji)

Ni mimi wa testa tena. Nimeazima mita. Pasi ya mke wangu inapiga shoti, naipimaje bila kuichomeka?

#16 Mleta uzi

Safi kaka, na hilo swali lako lenyewe lina jibu, bila kuichomeka. Omu na ile sehemu ya mlio wa piip ni kwa kitu kisicho na umeme tu. Mita yenyewe ndo inatoa umeme wake mdogo wa betri, ukiikutanisha na 230 umeiua.

Gusanisha ncha zako mbili kwanza, isome karibu na sifuri. Sasa kwenye plagi ya pasi pima pini ya laivu na ya nyutro, geuza kidude cha joto mpaka mwisho, pasi ya wati 1000 itasoma kama omu 53. Alafu pini ya laivu na bati la chini la pasi kwenye sehemu ya 2000k, hapo inatakiwa uone 1 peke yake upande wa kushoto wa kioo. Hiyo 1 watu wengi wanasoma omu moja, hapana, maana yake imezidi, hamna njia. Ukiona namba yoyote ya omu mia au elfu kadhaa basi kuna kinachovuja. Mwisho pini ya ethi na bati, hapo inatakiwa iwe karibu na sifuri. Ukiona 1 hapo, waya wa ethi umekatika ndani ya waya wa pasi, mara nyingi pale unapoingilia mkononi.

Na vitu vyenye kapasita kubwa (kidude kinachohifadhi umeme ndani), inveta, mashine ya kuchomelea, tivii za zamani, maikrowevu, kuzichomoa hakutoshi. Ndani ya inveta au pawasaplai 230 ikishageuzwa DC inakuwa kama 325 na inakaa mle. Ya maikrowevu inapita volti 2000, hiyo usifungue kabisa.

#17 Mchangiaji (Tabora mjini)

Fundi kijana alipoungua mlimfanyia nini? Naona hapa watu wamesoma mita yote ila hilo hamna aliyeuliza.

#18 Mleta uzi

Asante mzee. Yeye hakunaswa, alirushwa, kwa hiyo nilizima meni kwanza alafu nikamshika. Angekuwa amenaswa ningezima meni bila kumgusa, au kama meni haifikiki nimsukume kwa mbao kavu nikiwa nimesimama pakavu. Majirani walikuja na dawa ya meno na asali, nikawakatalia, tukaweka mkono kwenye maji safi yanayotiririka dakika 20 alafu tukaenda hospitali wakapima na moyo, maana umeme unaweza kuuvuruga bila kidonda kikubwa kuonekana. Umeme kidogo tu kama milliampea 10 mpaka 20 unakaza misuli usiweze kuachia, na mwili wenye jasho kwenye 230 unapitisha zaidi ya hapo mara nyingi. Na kama mtu hapumui anza kumkandamiza kifua palepale, mwingine apige simu.

#19 Mchangiaji (Kasulu)

Nimerudi fundi. Ilikuwa kama ulivyosema, waya wa ethi ulikatwa na watu wa plasta mwaka jana, mwingine kabisa umekunjwa nyuma ya bodi hauendi popote. Fundi kaweka nondo mpya na kiungo kipya. Nilimsimamia nikamwambia pima zote tatu, laivu na nyutro 229, laivu na ethi 228, nyutro na ethi 1.3. Sindano hamna tena.

#20 Mleta uzi

Dada umenifurahisha leo, kijana naye kasoma kacheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

Bado kitu kimoja. Hizo namba za mita zinasema waya umefika ardhini, hazisemi ardhi inapokea vizuri kiasi gani, kuna mita yake maalumu ya ethi, muulize fundi kama anayo au anaweza kuazima. Na kwa saluni yenye maji mwambie akuwekee ile breka ya uvujaji ya milliampea 30, ina kitufe kimeandikwa T. Akishaifunga ubonyeze wewe mwenyewe hicho kitufe huku draya zikiwa zimezimwa, inatakiwa ianguke hapohapo. Isipoanguka usimlipe bado, niandikie hapa.